Kiwiko na Kikonyo: Kisa cha Mfungaji wa Mpira wa Pete Aliyepoteza Shabaha

Kisa hiki kilitokea katika sekondari moja ya bweni ya wasichana mkoani Tabora. Jina la shule, mwaka na majina ya wanafunzi nimeyaondoa. Mhusika mkuu nitamwita GS, kwa herufi alizovaa kifuani uwanjani. Kocha aliyemharibu, kisha akahangaika kumtengeneza, ni mimi, mwalimu wa Biolojia niliyekabidhiwa mpira wa pete kwa sababu tu niliwahi kuucheza chuoni. Wenzangu mnaofundisha watoto kulenga, iwe pete, kikapu au penalti, huenda mkajiona humu.

## Mazingira na wahusika

Uwanja wetu ni wa kichanga, tuliusawazisha wenyewe kwa majembe. Nguzo mbili zilichomelewa na fundi wa mjini, na pete zake ni nondo zilizokunjwa. Moja imeinama kidogo kuelekea jikoni, na wasichana wote wanajua ni ipi.

Kwa asiyeujua mchezo huu, pete iko mita 3.05 kutoka ardhini na upana wake wa ndani ni milimita 380. Mpira una mzingo wa milimita 690 hadi 710, yaani upana wa kama sentimita 22. Ukitoa, inabaki nafasi ya sentimita 16 hivi, nane kila upande. Hakuna ubao wa nyuma wa kukusaidia kama kwenye kikapu. Wanaoruhusiwa kufunga ni wawili tu, GS (goal shooter, mfungaji) na GA (goal attack, mshambuliaji), na lazima wawe ndani ya nusu duara yenye nusu kipenyo cha mita 4.9. Mlinzi anasimama mita 0.9 kutoka mguu wako, mikono juu, na ukishaudaka mpira una sekunde 3 tu kabla ya filimbi.

GS alikuwa kidato cha tatu, mrefu, mpole, mtoto wa wakulima wa tumbaku. Alikuja shuleni na mtindo wake wa kufunga ambao hakufundishwa na mtu. Mpira aliushika kando ya sikio la kulia, kiwiko kimechomoka nje kama sikio la kikombe, akaurusha kwa kuusukuma. Haukuwa mtindo wa kupendeza. Lakini nina daftari. Kila jioni wafungaji wangu hurusha mara 50, nusu karibu na nguzo na nusu karibu na mstari wa duara, na mwanafunzi mmoja huhesabu. Januari yote GS alikuwa kati ya 34 na 38.

Jambo jingine la usuli ni maembe. Tabora ni mji wa miembe, na shule yetu inayo ya kutosha. Kuyapopoa ni marufuku, kwa ajili ya vioo na kwa ajili ya vichwa vya watu. Novemba ya mwaka uliotangulia nilimkamata GS nyuma ya bweni na mawe matatu mkononi. Kabla hajaniona alikuwa ameshatupa mawili na maembe mawili yalikuwa chini, hayajapasuka. Nikampa adhabu ya kufagia mbele ya ofisi siku tatu, na nikalisahau jambo hilo.

## Februari: maneno manne kwenye manila

Mwanzoni mwa Februari nilihudhuria mafunzo mafupi ya makocha. Nilirudi na picha za video kwenye simu na karatasi nyingi. Tulikuwa na miezi mitatu hivi kabla ya UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, ngazi ya wilaya, na nilikuwa na wasiwasi wa haki kabisa. Mpira wa GS ulitokea chini mno. Mlinzi mrefu akiinua mkono angeuzuia kabla haujapaa. Hadi leo naamini nilikuwa sahihi kwamba mtindo ule ulihitaji kubadilika. Nilipokosea ni kwenye namna ya kumwambia.

Nilichukua karatasi ya manila nikaandika kwa kalamu nene:

KIWIKO NDANI.
GOTI LIKUNJWE.
KIFUNDO CHA MKONO KIPINDE.
VIDOLE VIFUATE.

Nikaibandika kwenye ukuta wa stoo unaotazama uwanja. Kila GS aliposhika mpira nilimkumbusha moja kati ya hayo, na siku nyingine yote manne. Yeye ni mwanafunzi mtiifu, na utiifu wake ndio uliotuponza. Wiki ya pili niliona midomo yake ikicheza kabla ya kurusha. Nilisogea karibu nikasikia: alikuwa anajisomea. Kiwiko, goti, kifundo, vidole. Jasho lilikuwa linamshuka puani na hakulifuta, macho yake yakiwa yamegeukia pembeni, kwenye mkono wake mwenyewe.

Daftari lilianza kushuka. 35, kisha 29, kisha 24. Mwishoni mwa mwezi, jioni moja baada ya mvua, 19.

Nikafanya nini? Nikaongeza mazoezi. Sababu yangu ilikuwa kwamba mtu anayebadilisha mtindo lazima ashuke kwanza ndipo apande. Hilo huwa kweli mara nyingine, na ndiyo maana ni hatari. Kocha akishalishika hawezi kutofautisha anayepita bondeni na anayezama. Nilimwongezea mitupo 30 asubuhi kabla ya uji. Alianza kulalamika kwamba mkono unauma juu ya kiwiko, mbele na nyuma. Nilimwambia misuli inazoea.

## Mechi ya kirafiki

Mwishoni mwa Machi tulialika shule ya jirani. GS alirusha mara 17, zikaingia 5. Mipira yake mingi iligonga ukingo wa mbele, mingine haikufika hata kwenye pete. Mara tatu mwamuzi alimpigia filimbi ya sekunde 3. Binti ambaye mwaka uliopita alikuwa akidaka na kurusha bila kuchelewa sasa alisimama na mpira kama anayetafuta ufunguo mfukoni.

Kilichonichoma zaidi kilitoka kwenye benchi letu. Kila GS aliposhika mpira, wachezaji wa akiba walipiga kelele kwa pamoja: "Kiwiko! Kiwiko!" Walikuwa wananiiga mimi, neno kwa neno, hadi na lafudhi yangu.

Baada ya mechi nilimkuta amekaa peke yake juu ya mzizi wa mwembe, viatu amevua.

"Shikamoo madam."

"Marahaba. Unaumwa?"

"Hapana madam." Akanyamaza kidogo. "Ila madam, nikiangalia pete nasahau kiwiko. Nikikumbuka kiwiko, siioni pete."

Sikuwa na jibu. Nilitazama juu, si kwa kufikiri, ila kwa kuona aibu ya kumtazama usoni. Juu kulikuwa na majani matupu, msimu wa maembe ulikuwa umepita. Ndipo nikakumbuka lile tukio la Novemba. Nikamuuliza: siku ile nilipokukamata, kiwiko chako kilikuwa wapi?

Alidhani namtega. Nilipomhakikishia kwamba kesi ile ilishakwisha, alicheka kidogo akasema, "Kwenye embe hakuna kiwiko, madam. Unalenga kikonyo. Ukilenga embe lenyewe unalipasua."

## Maamuzi na sababu zake

Usiku ule nilirudi kwenye karatasi za mafunzo, safari hii kwa kurasa nilizozipita haraka. Kisha nikasoma zaidi kwenye simu, hadi umeme ulipokatika na chaji kuisha. Kulipokucha nilikuwa na maamuzi kadhaa.

La kwanza lilikuwa rahisi: manila ikashuka ukutani. Maneno yote yanayotaja kiungo cha mwili yakapigwa marufuku wakati wa kurusha, kwangu na kwa benchi. Anayetamka "kiwiko" anaokota mipira.

La pili lilikuwa kumpa GS kikonyo. Nilipanda ngazi ya mpishi nikafunga kipande cha kitenge chekundu kwenye ukingo wa nyuma wa pete, pale inapoungana na mkono wake wa chuma. Kwa nini nyuma? Kwa sababu mipira yake yote ilikuwa inafika mifupi, na anayelenga ukingo wa nyuma akikosea kidogo bado anaangukia ndani. Maagizo yangu yakawa mawili tu: tafuta kikonyo kwa macho kabla mpira haujaanza kupanda, halafu usikiachie mpaka mpira utoke mkononi.

La tatu ndilo ninalojivunia kidogo. Tatizo la mpira kutokea chini bado lilikuwepo, na sikutaka kulirudia kwa neno kiwiko. Kwa hiyo mchezaji mmoja alisimama umbali wa mita 0.9 mbele ya GS akiwa ameinua fagio la kufagilia uwanja, majani yakiwa juu. GS aliambiwa apitishe mpira juu ya fagio bila kuligusa, uangukie kwenye kikonyo. Basi. Siku ya kwanza aliligonga fagio mara nyingi mno, wakacheka wote. Siku ya nne kiwiko kilikuwa kimeingia ndani chenyewe, maana hakuna njia nyingine ya kuupitisha mpira pale juu. Hakuambiwa, na nilipomuuliza alisema hajaona mabadiliko yoyote.

Mengine yalikuwa madogo. Nilifuta mitupo 30 ya asubuhi, na nikamwomba GS mwenyewe ahesabu mipira ya wenzake badala ya kuhesabiwa yeye kila siku.

## Matokeo

Wiki ya kwanza ya Aprili, 26. Ya pili, 31. Mwishoni mwa mwezi alifika 37, na siku moja ya Mei 41, ambayo ndiyo rekodi ya daftari langu. Maumivu ya mkono yaliisha bila dawa.

Wilayani tulifika nusu fainali. Kwenye mechi hakuna kitenge, na nilikuwa na hofu kwamba bila kile kipande chekundu atapotea. Nilichoona ni kwamba asubuhi, kabla ya timu nyingine kufika, alizunguka chini ya kila nguzo huku ameinua shingo. Alikuwa anatafuta alama ya kuchomelea. Kila pete ina mshono wake, alinieleza, na huo ndio utakuwa kikonyo.

Nusu fainali tulipoteza kwa magoli mawili. Robo tatu za kwanza GS alikuwa vizuri. Robo ya mwisho mlinzi wao, binti mjanja, alianza kumsemesha kwa sauti ya chini. Sikusikia alichosema, lakini niliona midomo ya GS ikianza tena kucheza. Akakosa mitatu mfululizo. Baadaye aliniambia, "Madam, nilisikia kiwiko kimerudi." Mlinzi yule hakuwa ametaja kiwiko wala chochote cha namna hiyo, alikuwa amemuuliza tu kama ana uhakika.

## Uchambuzi

### Kilichoharibika Februari

Akili ya anayerusha inaweza kuelekezwa ndani, kwenye viungo vyake, au nje, kwenye kile anachotaka kitokee. Aliyelifanya jambo hili lichunguzwe kwa upana ni Gabriele Wulf. Mwenyewe amesimulia kwamba wazo lilimjia alipokuwa akijifunza kuendesha ubao wenye tanga majini. Alipofikiria miguu yake alihangaika, alipofikiria mwinamo wa ubao mambo yakaenda. Mwaka 1998 yeye na wenzake walichapisha jaribio la watu waliojifunza kuyumba kwenye mashine inayoigiza mchezo wa kuteleza kwenye theluji. Wengine waliambiwa waweke akili kwenye nyayo, wengine kwenye magurudumu yaliyokuwa chini ya nyayo hizo hizo. Kati ya unyayo na gurudumu kuna nafasi ndogo sana, na bado waliofikiria magurudumu walijifunza vizuri zaidi.

Maelezo aliyotoa pamoja na wenzake ni kwamba mwendo uliokwishazoeleka unaendeshwa na mitambo ya mwili isiyosubiri amri. Ukianza kuuamrisha kipande kwa kipande, unaingilia mitambo hiyo na kuifunga. Manila yangu ilikuwa amri nne kwa kazi inayochukua chini ya sekunde moja. Na zile filimbi za sekunde 3 sasa zinaeleweka: orodha ilihitaji kusomwa hadi mwisho.

Malalamiko ya mkono ndiyo niliyoyapuuza kwa ujinga zaidi. Jaribio lililochapishwa mwaka 2005 lilipima umeme wa misuli kwa watu waliokuwa wakirusha mitupo huru ya kikapu. Walipoelekeza akili kwenye ukingo wa kikapu walifunga zaidi kuliko walipoelekeza akili kwenye kukunja kifundo. Pia misuli ya mkono wa juu, ya mbele na ya nyuma, ilitoa umeme mdogo. Angalia vizuri: walifikiria kifundo, lakini fujo ikaonekana juu ya kiwiko. Misuli ya mbele hukunja mkono, ya nyuma huunyoosha, na zote mbili zikikaza zaidi ya inavyotakiwa nguvu inapotea njiani. Miaka mitano baadaye, kwa kurusha vishale, watafiti wengine walipata picha inayofanana. Sikuwa na kipimo cha umeme uwanjani, lakini nilikuwa na mtoto anayeniambia mkono unauma mbele na nyuma na mipira inayofika mifupi. Kwa mwalimu wa Biolojia, hizo zilikuwa dalili za kutosha.

### Kuhusu ubongo

Hapa watu hupenda kurahisisha, wakasema ubongo wa bingwa unapumzika. Ukweli una pande mbili.

Upande wa kwanza: mwaka 1984 Bradley Hatfield, Daniel Landers na William Ray walinasa mawimbi ya ubongo wa walengaji mahiri wa bunduki. Kadiri walivyokaribia kufyatua, mawimbi ya alfa, yale ya mizunguko kama 8 hadi 12 kwa sekunde, yaliongezeka upande wa kushoto, eneo lililo karibu na sikio. Mawimbi hayo yakiongezeka mahali, kwa kawaida ni ishara kwamba mahali hapo kazi imepungua. Na kwa watu wengi upande huo wa kushoto ndiko lugha inakotengenezwa. Yaani yule mlengaji anaacha kujisemesha. Nikisoma hilo naiona midomo ya GS.

Upande wa pili: mwaka 2009 Karen Zentgraf na wenzake waliwaweka watu ndani ya mashine ya sumaku inayopiga picha za ubongo, wakabonyeza vitufe kwa mpangilio waliojifunza. Waliofikiria vitufe, kuliko waliofikiria vidole, walionyesha kazi kubwa zaidi kwenye maeneo ya mguso na ya kuendesha misuli. Kwa hiyo si kulala. Naielewa kama soko ambapo dalali amenyamaza na wauzaji wanauza. Kazi imehamia kwa wenye kazi. Tahadhari tu: vidole kwenye vitufe si mkono unaorusha mpira ukiwa umesimamiwa na mlinzi, na hakuna aliyemvalisha GS kofia ya kupima mawimbi.

Macho nayo yana habari yake. Joan Vickers, akichunguza mitupo huru ya kikapu mwaka 1996, alionyesha kwamba wafungaji wazuri hukazia macho mahali pamoja mapema na kwa muda mrefu zaidi kabla ya mkono kuanza. Agizo langu la "tafuta kikonyo kabla mpira haujapanda" limetoka huko. Macho yakiwa yamepata kazi, ni vigumu kwa akili kurudi kukagua mkono. Zamani nilidhani macho huifuata akili tu. Sasa nadhani huivuta.

### Kilichofanya kazi, na ninachoshuku

Fagio lilifanya kazi kuliko kitenge, hilo nalisema bila kusita. Kitenge kilimrudishia alichokuwa nacho. Fagio lilimpa kipya, mpira wa juu usiozuilika, bila kumpokonya kile cha zamani. Badiliko lenyewe ni lile lile nililolitaka Februari. Tofauti ni kwamba safari hii lilikuwa na kitu cha kuruka, si kiungo cha kusimamia.

Lakini nisijipambe. Mwezi ule ule nilibadilisha mambo mengi kwa wakati mmoja. Niliacha kupiga kelele. Nilipunguza mitupo, mkono ukapumzika. Mvua zilikuwa zinaisha na uwanja ukakauka. GS alisikilizwa na mwalimu wake, na mtoto akisikilizwa hurusha vizuri hata kama hakuna nadharia. Siwezi kusema kila namba iliyopanda ilipandishwa na kikonyo. Hata kwenye utafiti wenyewe, watu waliopitia upya machapisho ya miaka yote hivi karibuni wamedai kwamba faida ya kuelekeza akili nje imekuzwa kwa sababu majaribio yasiyopata kitu hayachapishwi kirahisi. Mabishano hayo yanaendelea. Ninachoshikilia ni kidogo: kwa mfungaji aliyekwisha kuwa na mkono wake, orodha ya viungo ni sumu.

### Kilichoshindikana

Robo ya mwisho ya nusu fainali ilionyesha pengo. Tulizuia maneno yetu wenyewe, hatukujiandaa na maneno ya wengine. Swali moja tu la "una uhakika?" linatosha kumrudisha mtu kwenye mkono wake. Tangu hapo, mazoezini, anayeshika fagio ana ruhusa ya kumsemesha mfungaji chochote isipokuwa matusi. Wasichana wanalifurahia jukumu hilo kupita kiasi. GS amejichagulia neno moja la kujibu kimoyomoyo, "mshono", na anasema linatosha.

La pili ni GA wetu, mtoto wa kidato cha kwanza. Kwa furaha ya ugunduzi wangu nilimpa kitenge na fagio siku ya kwanza tu. Ikawa vurugu. Hakuwa bado anajua kuushika mpira. Ulimponyoka nyuma ya kichwa, akalia. Sian Beilock na wenzake walionyesha mwaka 2002, kwa wacheza soka waliokuwa wakikokota mpira, kwamba kuzingatia mwendo wa mguu kuliwavuruga wazoefu lakini kuliwasaidia wanaoanza. Wulf na wanaomfuata wanasema hata anayeanza hunufaika na kuelekeza akili nje. Mimi kwa GA nimeishia katikati. Nilimshika mikono nikamwonyesha, mara moja, kisha nikampa neno lisilo la kiungo: bakuli. Mpira unakaa juu ya kiganja kama uji kwenye bakuli, na uji haumwagiki. Kiwiko chake kimekaa chini ya bakuli bila ugomvi.

Fagio bado hajalifikia. Wiki iliyopita alikuwa 21 kati ya 50, kwa nguzo ile iliyoinama.